Kikombe cha Werema

Mkuu wa gereza alikuwa na mtuhumiwa wake tayari hata kabla Inspekta Irine Simoni hajaonyeshwa kiti.

"Ni nesi," alisema. "Ufunguo wa sefu anao yeye peke yake. Dawa imetoka, mtu amekufa. Mnatafuta nini kingine?"

Afande Nyamhanga hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Gereza lake la kilimo, Nyakerandi, lilikaa kwenye kilima upande wa Busawe, mahindi chini, mtama pembeni, ng'ombe wa serikali wakilishwa na wafungwa. Miaka yote lilikuwa halijamtia aibu. Halafu Jumanne asubuhi mfungwa mmoja, Emanuel, kijana wa Kerende aliyefungwa kwa kupitisha bhangi mpakani Sirari, alikutwa amekufa kwenye mkeka wake. Daktari wa Mugumu akampima, akasema ni methadoni. Ndiyo dawa ya kunywa wanayopewa waliokuwa wanatumia heroini, ili mwili utulie wasirudi kwenye unga. Emanuel hakuwahi kutumia unga, wala hakuwa mgonjwa wa dirisha la dawa.

"Dirisha nimelifunga tangu jana," mkuu aliendelea. "Mpaka mniambie dawa ilitokaje. Kama ni nesi, silifungui tena. Nitawaandikia wakubwa kwamba hapa kwangu mpango huu umeshindikana. Wafungwa wa unga watavumilia."

"Watavumiliaje?"

"Kama zamani."

Zamani ilikuwaje, Irine hakuuliza. Aliisikia mwenyewe walipovuka uwanja, yeye na Koplo Ezra, wakielekea mabwenini. Mtu alikuwa anatapika ndani ya bweni la pili, na mwingine anamwomba Mungu amchukue, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chai. Ilikuwa Jumatano, na wagonjwa wa dirisha walikuwa wamekunywa mara ya mwisho Jumatatu.

"Arosto, mwili unadai dawa," alisema Sajenti Godwin, askari magereza aliyepewa kazi ya kuwatembeza. Alikuwa Mhaya mnene, mwenye huruma kiasi cha kutosha kazi yake. "Leo wameanza wote. Ila huyo Werema ndiye dhaifu kupita wote. Jana asubuhi tunahesabu, hata maiti hatujaiona, yeye tayari makamasi yanatoka, anapiga miayo, kajifunga blanketi kama bibi. Wenzake wazima kabisa."

"Jana asubuhi," Irine alirudia.

"Jana asubuhi. Nikamwambia, wewe mwanaume gani?"

Irine hakusema kitu. Alikuwa na tabia hiyo, na ilikuwa inawaudhi wakubwa wake wengi. Alizaliwa na wazazi Wanata, akalelewa kota za polisi Musoma, na huko alijifunza kwamba mtu mwenye jambo la kusema hulisema lote ukimwacha. Ukimkatiza, atakupa nusu na kukudai shukrani.

Mkeka wa Emanuel ulikuwa bado chini, karibu na ukuta. Juu yake palikuwa na mswaki, shati na kipande cha kanga kilichofungwa fundo.

"Hiki?"

"Alikuwa anafungia shavu," Godwin alisema. "Jino. Wiki nzima analia tu. Wa kung'oa yuko Mugumu, na gari letu halikuwa na mafuta. Vidonge vya maumivu vilikuwepo, vikaisha. Hata mimi nilimwonea huruma, lakini huruma haing'oi jino."

Ezra alipiga magoti na kuinua mkeka. Chini yake palikuwa na kichupa cha plastiki, cha mafuta ya nywele, kimeoshwa vibaya. Sisimizi walikuwa wanaingia na kutoka kwenye mdomo wake, mstari mzima, bila haraka.

"Koplo, sisimizi wanakula mafuta ya nywele?"

"Sijawahi kuona, afande."

Irine alikinusa. Kilikuwa na harufu tamu, ya juisi ya dukani ile ya kukoroga. Alikiweka kwenye bahasha akauliza zahanati iko wapi.

*

Nesi Kezia alikuwa amekaa kwenye benchi ndani ya chumba cha dawa, mikono mapajani, mbele ya dirisha lililofungwa kwa komeo na kufuli. Alikuwa mama wa makamo, Mkurya wa Nyangoto, sare yake imepigwa pasi kama mtu anayekwenda kanisani. Ilibidi Irine aanze mahojiano ya mauaji kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Dawa kwenye sefu imepimwa na daktari. Haikupungua hata tone."

"Najua. Mimi ndiye niliyewaambia waipime."

"Basi haikutoka kwenye sefu. Imetoka dirishani. Niambie mnavyofanya."

Kezia alieleza vizuri, maana aliifanya kazi hiyo kila siku. Mgonjwa anaitwa jina. Anakuja dirishani. Anapimiwa dawa yake, inachanganywa na juisi kwa sababu ni chungu, anapewa kikombe. Anakunywa mbele ya nesi, halafu anakunywa maji, halafu lazima aongee, aseme jina lake au salamu, chochote. Akiongea, nesi anajua mdomo ni mtupu. Hatoki mtu na dawa shavuni.

"Na mtu asiyezoea akinywa kikombe cha mgonjwa wako?"

"Analala. Kiasi kinachomwezesha mgonjwa wangu kulima kutwa, mtu mgeni kitamlaza asiamke. Nawaambia kila siku, wasipeane. Wananiona nina roho mbaya."

"Na kila mmoja unamwona akinywa?"

"Kila mmoja."

"Kwa macho yako, mama?"

Kezia alifunga kifungo cha sare ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Wanakunywa wote," alisema.

Hilo halikuwa jibu la swali aliloulizwa, na Irine aliliacha lining'inie hapo. Alisimama akatembea chumbani. Kwenye kizingiti cha dirisha, pale vikombe vinapowekwa, palikuwa na sisimizi wachache. Hao walikuwa na haki yao. Lakini mstari wa pili ulitoka ukutani, upande wa nje wa dirisha, ukaenda mpaka kwenye kona nyuma ya mlango wa kibaraza, mahali ambapo mtu akisimama nesi hawezi kumwona. Irine alitoka nje akachuchumaa. Saruji ilikuwa na madoa yaliyokauka. Aligusa moja kwa kidole, kikanata.

"Hapa pana nini?" aliuliza kupitia mlangoni.

"Hapo? Pa kuwekea fagio."

Mara moja Irine aliona picha nzima, na kama kawaida ya picha za haraka haraka, haikuwa yenyewe. Askari anasimama kibarazani wakati wa dawa. Kona iko mgongoni mwake. Askari anamwambia mfungwa mmoja ateme, anakusanya, anauza. Alimgeukia Godwin.

"Wakati wa dawa unasimama wapi?"

"Pale getini. Nawahesabu wakitoka."

"Na Jumatatu?"

Godwin alicheka kidogo, bila kukasirika. "Jumatatu nilikuwa Mugumu mahakamani na mahabusu wawili, tumebebwa na gari la polisi, kutwa nzima. Muulize mkuu. Ukitaka, nipekue na mifuko, utakuta karanga."

Mkuu alithibitisha, kwa kinyongo. Aliyesimama badala yake alisimama getini vilevile, mbele ya wenzake. Karanga nazo zilikuwepo. Irine alimwomba mkuu ufunguo wa komeo kwa muda, akarudi zahanati na kumwambia nesi afungue dirisha.

"Kwa maji," alisema. "Maji matupu. Nataka kuona mnavyofanya, mwanzo mpaka mwisho."

Kezia alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mtoto mjinga. "Watu hawa wana arosto. Unataka niwapange mstari niwape vikombe vya maji? Huo ni ukatili, mwanangu."

"Ndiyo, ni ukatili. Lakini nisipoelewa leo, mkuu analifunga moja kwa moja. Wewe chagua."

Kezia akachukua vikombe.

*

Waliletwa wakiwa wamejifunga mablanketi juani. Godwin aliwaeleza kuwa ni maji, na hakuna aliyelalamika. Walikuwa hawana nguvu ya kulalamika. Irine alisimama ndani, kando ya nesi. Ezra alikuwa nje kibarazani.

"Steven," Kezia aliita.

Steven akaja, akapokea kikombe mkononi mwa nesi, akanywa, akanywa maji, akasema, "Steven, mama, na Mungu akuone," akaondoka akitetemeka. Aliyemfuata naye aliitwa kwa jina, akafanya vilevile. Nesi alikuwa anawatazama kooni mpaka wamalize kumeza. Hakupepesa. Irine alianza kuona aibu kwamba amemtilia shaka.

Kisha Kezia akasema, "Anayefuata."

Hakutaja jina. Mikono yake ilimimina maji, ikaweka kikombe kwenye kizingiti, ikarudi nyuma. Halafu mwili mzima ukageuka, akawa anatazama kabati, kana kwamba kuna kitu alikuwa anakitafuta humo tangu asubuhi. Mwanaume mrefu, mwembamba, blanketi begani, alikuja na kichwa chini. Alichukua kikombe bila kuinua macho, akarudi nacho kinyumenyume, akaingia kwenye kona nyuma ya mlango. Akarudi akaweka kikombe kitupu kizingitini.

"Tayari," aliiambia ardhi.

"Haya," Kezia aliliambia kabati.

Mwanaume akaondoka. Kezia akageuka akaita jina la mtu mwingine, na kazi ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Irine alitazama nje. Koplo Ezra, aliyewekwa pale makusudi ili aone kila kitu, alikuwa anatazama mahindi.

Alimwita pembeni.

"Yule ni nani?"

"Werema, afande."

"Uliona alichofanya?"

"Niliona."

"Mbona umegeuka?"

"Nimewapa nafasi."

"Nafasi ya nini, Ezra?"

Ezra alishangaa kuulizwa. "Afande, yule mama ni mkwe wake. Werema amemuoa binti wa dada yake nesi, Boke, wa pale Nyangoto. Kwetu Wakurya mwanaume hafungui mdomo mbele ya mama mkwe, hali mbele yake, hamtazami, hamtaji jina. Na mama naye hivyohivyo. Tunaita ensoni. Hata barabarani, akimwona anakuja, mmoja anaingia porini."

"Ulilijua tangu lini?"

"Tangu alivyokaribia dirisha. Mwili tu unajua."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza, afande. Mtu kumwepuka mkwe wake nalo ni jambo la kuripoti?"

Irine alitaka kukasirika akashindwa. Kwao Nata wakwe pia wanaheshimiana, bibi yake alikuwa anajifunika kanga mkwe akipita. Yeye mwenyewe angeweza kulitambua papo hapo, kama asingekulia kota. Gereza zima la Wakurya lilikuwa limetazama jambo lile kila asubuhi na kuona adabu tu.

Aliyapanga yaliyokuwa yamebaki. Mtu aliyekunywa Jumatatu asubuhi hawezi kuwa hoi Jumanne alfajiri. Wenzake walikuwa wazima, Werema peke yake alikuwa na makamasi na miayo. Kwa hiyo Jumatatu Werema hakunywa.

*

Kwanza alizungumza na Kezia, mlango umefungwa.

"Hukumwona akinywa," alisema. "Siyo Jumatatu tu. Hujawahi kumwona hata siku moja."

Kezia hakukana. "Nililetwa hapa mwaka jana nikamkuta," alisema. "Siku ya kwanza nimefungua dirisha, anatokea mume wa mwanangu. Nilitamani nizame. Usiku nikawaza, nikisema, watanihamisha. Nani atakuja? Aliyesomea dawa hii huku kwetu ni mimi. Dirisha lingefungwa siku ileile, na yeye angekuwa wa kwanza kurudi kwenye unga. Nikaona nimwache anywe huko pembeni. Alikuwa anapona. Alikuwa ananenepa. Nikasema, si anakunywa?"

"Alikuwa anakunywa. Mpaka Jumatatu."

"Na leo umeniuliza kwa macho yangu, nami nikakudanganya." Kezia alilia sasa, bila kelele, akifuta machozi kwa kiganja. "Kijana wa watu amekufa kwa sababu mimi nilitazama kabati."

Irine alimsikitikia, na aliliandika jibu lake lote.

Werema alikuwa amekaa chini kivulini, nyuma ya zahanati, magoti kifuani. Alikuwa ametumia miaka kadhaa Nairobi, kondakta wa magari, na unga aliuanzia huko. Hata Kiswahili chake kilikuwa kimebaki na vumbi la huko.

"Afande, kama ni ile maneno ya maji, mimi sina nguvu tena."

Irine akamwonyesha kichupa ndani ya bahasha. Werema alikitazama kwa muda, kisha akafunga macho.

"Alikuwa analia, afande," alisema. "Jino. Usiku anauma blanketi ili tusimsikie, na sisi tunamsikia. Mimi hiyo dawa ikiingia, hata ukinikata sisikii. Nikaona nimwachie yangu, siku moja tu. Nikamimina kwenye hicho kichupa pale kona, nikampa jioni. Nikajiambia, arosto ya siku moja nitabeba. Yeye akaniambia asante kaka, akalala. Nikafurahi, nikasema leo amelala."

"Nesi alikuwa anawaambia kila siku msipeane. Inaua."

"Nilidhani wanasema tu, tusiuze. Mimi nakunywa kila siku. Imeniua?"

"Jana ulijua kilichomuua?"

"Nilidhani ni jino, limepanda kichwani. Leo asubuhi ndio nimesikia ni dawa, na wanamshika mama." Hakusema mama mkwe, hata hapo alilikwepa neno. "Ningesemaje? Nikisema sikunywa, mtauliza yeye alikuwa anatazama wapi. Ningemtoa kwenye wizi nimtie kwenye aibu."

"Utashtakiwa, Werema. Hukukusudia, nitaandika hivyo, lakini mtu amekufa. Sitakudanganya."

"Andika," alisema. "Mama yake Emanuel anajua?"

"Yuko njiani kutoka Kerende."

Werema aliweka uso kwenye magoti. Irine alikaa pale mpaka alipomaliza kulia, kisha akamsomea maelezo yake naye akatia dole gumba.

*

Mkuu wa gereza alisikiliza amesimama.

"Kwa hiyo nesi si mwizi."

"Si mwizi. Alipaswa kutazama, hakutazama. Nimeliandika, na wakubwa wake wataamua. Dawa haikuuzwa, sefu haina kosa. Wanane wako mle ndani wanatapika bure, na Werema naye nampeleka kesho mahakamani. Bila dawa hatafika akiwa na akili ya kujibu hakimu."

"Na nani atanihakikishia kwamba kesho mtu hatamimina kingine kwenye kona? Mimi ni Mkurya, Inspekta. Hata mimi simtazami mama mkwe wangu. Hiyo hamwezi kuiandikia kanuni." Afande Nyamhanga alijikuna kidevu. "Nitafungua kwa sharti moja. Kila mgonjwa aonekane akimeza. Kila mmoja. Asipoonekana hata mmoja, nafunga kwa wote."

"Werema nitamtazama mimi," Irine alisema.

"Leo." Alikuwa Kezia, mlangoni, ameitwa kuja kusikia. "Leo utamtazama wewe. Na kesho mahakamani, na akirudishwa hapa na kifungo kingine, atatazamwa na nani? Mpaka waniondoe, aliyepo ni mimi."

Mkuu akatoa ufunguo wa komeo akauweka mezani.

Mstari ulipangwa tena, safari hii kwa dawa. Habari ilikuwa imeshafika mabwenini, maana gerezani habari haihitaji gari wala mafuta. Steven alikunywa, akasema jina lake mara mbili kwa furaha. Wengine wakafuata. Godwin alikwenda mwenyewe akaufunga mlango wa kibaraza, ule wenye kona nyuma yake, akauegemea.

Mwisho alibaki Werema peke yake, hatua chache kutoka dirishani, macho chini. Kezia alipima, akachanganya, akakoroga. Mkono wake ulitaka kukiweka kikombe kizingitini kama siku zote. Ukasimama. Koplo Ezra aliangalia mahindi tena. Irine akamgusa bega, naye akageuza uso kwa shida.

Werema hakusogea. Kama angesema hataki, hakuna aliyekuwa pale ambaye angemlaumu, na wenzake wote wanane wangefungiwa dirisha kesho yake.

Kezia alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakinyoosha nje ya dirisha. Kisha akainua macho.

"Werema," akaita.

Mwanaume alishtuka kama aliyepigwa. Akaja. Akakipokea kutoka mkononi mwake, akainua uso, akanywa hapohapo, na mama mkwe wake akamtazama kooni mpaka alipomeza. Akanywa maji.

"Ongea, baba," Kezia alisema. "Nataka nisikie."

"Mimi ni Werema," alisema. "Nimemaliza, mama."